Kukaza Mara ya Pili

Kizuizi kimeshushwa tangu saa kumi alfajiri,
ingawa alfajiri ni neno tu: upande huu wa Norwei
jua halitachomoza hadi Januari.
Tumejipanga chini ya mlima, malori manne,
basi moja, na gari dogo la mkunga lenye misumari matairini,
tukimsubiri Oddleiv na tingatinga lake
atupasulie theluji, tumfuate kama vifaranga.

Nimebeba maziwa, lita elfu kumi na nne,
na maziwa hayajui kutulia.
Ukishika breki, yanakuja,
yanakusukuma kisogoni kama mkwe mwenye haraka.

Nashuka. Baridi inaniuma meno.
Navuta minyororo ya baba kutoka kwenye sanduku,
pingili zimelika upande mmoja
tangu msimu ule alipoiburuza juu ya lami kavu
akibisha kwamba theluji itarudi, itarudi tu.

Mnyororo hufunga mbwa, hufunga lango, hufunga mahabusu.
Huu wangu kazi yake ni kunifungulia njia.
Nautandaza, naung'uta mafundo,
narudisha gari hatua moja liukanyage,
kisha naingiza mkono nyuma ya tairi, gizani,
nakitafuta kitanzi kwa vidole vitupu,
kama afanyavyo yule mkunga:
bila kuona, kwa kujua.
Kidole cha pete hufa ganzi kwanza. Siku zote ndicho.

Nyuma yangu kuna kijana wa Lituania, Vytenis,
amebeba vigae vya bafuni.
Minyororo yake bado imo kwenye nailoni, na bei juu.
Sheria ilimtaka awe nayo;
haikumtaka aijue.
Ameivalisha ndani nje, kulabu zinauma mpira.
Namwonyesha, tunavua, tunaanza upya.
Lugha yetu ni mikono na mvuke wa pumzi.
Namwambia: nenda hatua hamsini, simama, kaza tena.
Mnyororo hudanganya mara ya kwanza.
Anakwenda. Anasimama. Anakaza.
Kizuizi kinanyanyuka.

Kwenye kona ya tatu nasikia
pa. Pa. Pa.
Chuma kinapiga bawa la gurudumu,
upande wa kushoto, wangu mimi,
mimi niliyemkumbusha mwenzangu nikajisahau.
Hapa hakuna kusimama.
Ukisimama hapa, mlima unashika usukani.
Nina ndoo mbili za jivu la jiko, nina koleo,
nina gunia la mchanga chini ya kiti,
na vyote hivyo ni vya mtu aliyekwisha kukwama.
Naishusha gia, napanda polepole
kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.
Pa. Pa.
Maziwa yanasikiliza.
Mbele, taa ya manjano ya Oddleiv inazunguka,
inapotea kwenye vumbi jeupe, inarudi,
inapotea,
nahesabu hadi tisa,
inarudi.

Ng'ambo, kwenye uwanja wa malori, nashuka na tochi.
Pingili tatu zimekatika. Bawa limechanika kama khanga ya zamani.
Vytenis anakuja bila kuitwa,
mkononi ana koleo la kubana na pingili mpya,
ile ya akiba, aliyoitoa kwenye nailoni yenye bei.
Anapiga goti kwenye theluji ya soli,
anavua glavu.

Simu inalia. Ni baba, kutoka nyumba ya wazee,
ambako dirisha lake linautazama mlima.
Hasalimii. Hajawahi kusalimia.
"Ulikaza mara ya pili?"

Naangalia vidole vya kijana, vyekundu,
vinazungusha chuma, vinavuta, vinajaribu,
vinavuta tena.

"Inakazwa," nasema. "Inakazwa sasa hivi."